Kabla ya kuchoma sindano ya msuli: yaweke sawa haya kwanza

Zahanati nyingi za vijijini huku Dodoma, iwe Bahi au Chemba, chumba cha sindano ni kimoja, muuguzi ni mmoja, na benchi limejaa tangu asubuhi. Hapo ndipo mtu hujikuta kashika bomba lenye dawa mkono mmoja huku mwingine unatafuta pamba kwenye droo. Mgonjwa asiitwe mpaka meza iwe imekamilika.

Maji kwanza. Kiangazi tunayahesabu kwa ndoo, kwa hiyo hakikisha ile ndoo yenye koki imejazwa, sabuni ipo, na spiriti ya kupaka mikononi ipo kwa ajili ya kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kuhusu pamba, acha ule mtindo wa kuiloweka kwenye kopo la spiriti asubuhi na kuichota hadi jioni. Kila kidole kinachoingia humo kinaacha wadudu. Lowesha kipande kimoja unapokihitaji, futa ngozi kwa sekunde 30, kisha isubiri ikauke sekunde nyingine 30. Ukichoma ikiwa bado mbichi, spiriti inaingia na sindano na inawasha.

Kisha cheti. Soma dawa, kipimo na njia, halafu angalia kichupa chenyewe na tarehe yake. Mgonjwa muulize jina, usimtajie. Ukisema "Wewe ndiye Mama Neema?" mtu aliyechoka ataitikia tu. Muulize pia kama penisilini imewahi kumvimbisha uso au kumbana kifua, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Adrenalini, dawa ya kumwokoa aliyepata mzio mkali, iwe mezani kabla ya swali hilo, siyo kwenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake anao mganga mfawidhi aliyekwenda semina.

Kwenye kuchanganya dawa ndiko ninakotaka ukae zaidi. Malaria kwetu ni kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, na ndiyo maana mkono unasahau artesunati, sindano ya malaria kali. Mvua za Januari zikishuka, analetwa mtoto wa kilo 10 anatetemeka kwa degedege, na hapo si wakati wa kukumbuka hesabu. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti, kile kimiminika cha kuyeyushia, mpaka dawa iwe angavu. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya drip. Kwa msuli unaongeza 2 tu. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji 30: mililita 1.5 ukichanganya kwa msuli, 3 ukichanganya kwa mshipa. Ukichanganya ya mshipa halafu ukachoma msuli, ni mililita 3 kwenye kapaja kale! Andika hesabu hiyo kwa kalamu nene, ibandike ukutani juu ya meza. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja.

Penisilini ya benzathini ina ukorofi wake: ni nzito kama uji na huziba sindano nyembamba ikiwa katikati ya msuli. Andaa ya kijani, namba 21, siyo ya bluu ya 23, tikisa kichupa vizuri, na ukishavuta usikae nayo.

Mahali pa kuchoma paamuliwe mgonjwa akiwa bado amekaa. Mtoto wa chini ya mwaka ni paja, upande wa nje, hakuna mjadala. Bega linabeba dawa kidogo, mililita 1 hivi. Papasa ncha ya mfupa, shuka vidole viwili au vitatu. Tako tumelizoea mno, na mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni unapita humo. Ukikosea, mtu anaondoka akichechemea. Mimi napendelea ubavu wa nyonga: kiganja juu ya kifundo cha paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya nyonga, cha kati ukitanue kurudi nyuma, uchome katikati ya vidole hivyo, sindano ikiwa wima. Na pazia livutwe kabla hujamwambia bibi alegeze kanga.

Boksi la kutupia liwe upande wa mkono unaochomea, kwa sababu sindano hairudishiwi kifuniko. Likifika robo tatu, funga, fungua jipya.

Jambo la mwisho ni la benchi. Siku ya mnada kila mtu ana haraka. Mwambie kabla hujamchoma penisilini kwamba atakaa hapo nje nusu saa ukimwangalia. Akisema lori linaondoka sasa hivi na dawa yenyewe inaweza kusubiri, mpangie kesho asubuhi.