Filamu yako ya kwanza ukiwa Dodoma: hatua za prodyuza wa kujitegemea

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja wa Nkuhungu. Ana filamu ya dakika 70, imeshahaririwa, nzuri kabisa, na hawezi kuiuza. Alilipa kila mtu kwa simu, lakini hana saini hata moja. Nimemwandikia hatua hizi, na mwingine anayeanza uprodyuza bila kampuni nyuma yake azichukue pia.

Hatua ya 1: Skripti na bajeti

Chagua hadithi ambayo lokesheni zake unazifikia kwa bodaboda. Bajeti ipange kwa siku: chakula, nauli, posho, mafuta ya jenereta. Fedha zikiwa ndogo punguza sini, chakula usikiguse.

Hatua ya 2: Karatasi za haki

Karatasi ya haki ni maandishi yenye saini ya mtu, yanayokuruhusu kutumia kazi yake kwenye filamu. Hapa nilipoteza siku kumi na moja, kwa hiyo soma polepole.

Nilirekodi zeze la mzee mmoja wa Mvumi, nikampa shilingi 50,000 mkononi, tukaagana vizuri. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha televisheni kikaikubali filamu, kikataka karatasi ya haki ya muziki. Sina. Nikarudi Mvumi, mzee akasaini kwa furaha. Karatasi ikakataliwa: jina aliloandika ni lile la kijijini, si la kitambulisho cha NIDA. Nikarudi tena, nikaambiwa yuko Bahi kwa mwanawe. Safari ya tatu ndiyo tulimaliza, chini ya mbuyu. Mjukuu wake alimsomea kifungu kimoja kimoja kwa Kigogo, naye anamkatisha na kuuliza: kwa nini nchi zote? Mpaka lini? Kisha akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalifuta kwenye gome la mti. Maswali yale nilitakiwa kuyajibu kabla sijarekodi hata sekunde moja.

Basi, kabla kamera haijawashwa, mwandishi wa skripti, waigizaji wote, mpiga picha na mwanamuziki wawe wamesaini, kila mtu karatasi yake. Andika jina kama lilivyo kwenye NIDA, la usanii likae pembeni. Taja kazi yenyewe, malipo, muda, nchi, na itaonyeshwa wapi: televisheni, ukumbini, mtandaoni. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe.

Wimbo wa jadi usio na mtunzi anayejulikana nao unahitaji karatasi, kwa sababu aliyeupiga ana haki katika upigaji wake. Na usiseme mtunzi ameshafariki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo watafute warithi. Biti za kuokota mtandaoni achana nazo kabisa. Mlipe mpiga zeze, yupo, na anapiga vizuri zaidi.

Ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha umelipa, hauonyeshi umenunua nini. Skripti yenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Hatua ya 3: Vibali

Kibali cha kutengeneza filamu kinatoka Bodi ya Filamu, na kinaombwa kabla ya kushuti. Ukishakipata, nenda na nakala kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, umsalimie, umweleze. Droni ina kibali chake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa filamu ya kwanza mimi nasema panda kilima na stendi ya kamera.

Hatua ya 4: Kushuti

Tafuta fundi sauti kabla ya kutafuta kamera. Kiangazi chetu kina upepo na vumbi: mazungumzo ya nje yamalize kabla ya saa nne asubuhi, maiki ivae kava la manyoya la kuzuia upepo. Kila jioni nakili kazi kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 5: Kuuza

Filamu iliyokamilika irudi Bodi ikakaguliwe na kupewa daraja la umri wa watazamaji kabla ya kuonyeshwa hadharani. Ndipo uongee na vituo na matamasha. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lipo tangu miaka ya 1990. Anayenunua muulize anachukua miaka mingapi na nchi zipi. Akisema "zote, milele", bei yake iwe nyingine. Na faili la karatasi usimwachie: mpe nakala, asili zirudi nazo Dodoma kwenye begi lako.