Kuchora vijiji vya pwani na kuuza nakala za picha zake

Anayenunua nakala ya picha ya bahari mara nyingi ana mahali pake moyoni: gati alilorukia majini utotoni, au mwamba aliokuwa akiuona kila akifungua dirisha. Ndiyo maana ushauri wangu unaanzia kijijini, kabla ya mashine ya kuchapa. Picha ya bahari isiyo na jina inashindana na picha zote za bahari duniani. Picha ya ghuba fulani, saa fulani, maji yakiwa yanakupwa, haina mshindani.

Chagua vijiji vichache unavyoweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kisha virudie. Msanii anayekimbia kutoka ufuko hadi ufuko hujaza daftari na kurudi na picha za juu juu. Kijiji cha pwani kina sura mbili: maji yakijaa, mashua zinaelea usawa wa gati na nyumba zinajitazama majini, yakikupwa, mashua zimelala ubavu, minyororo ya nanga iko wazi, na watu wanatembea pale palipokuwa kina. Amua unataka sura ipi kabla hujatoka nyumbani.

Hapo ndipo ratiba ya maji inapokuwa chombo cha kazi kama brashi. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa 6 na dakika 12 hivi, na kila siku saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika 50 kwa wastani. Kwa hiyo, ukiona leo jua la asubuhi limekutana na maji yaliyojaa, kesho hutayakuta hivyo, na keshokutwa yatakuwa mbali zaidi. Yatarudi kwenye saa ile ile baada ya wiki mbili hivi. Mimi huandika tarehe hiyo pembeni ya mchoro hapo hapo, kisha namalizia kazi siku hiyo ikifika.

Jambo jingine ni usalama. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia huligawa ongezeko lote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji yote huingia ndani ya zile saa mbili za katikati, wakati ambao wewe umeshazama kwenye rangi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hali huwa kali zaidi. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuwa akichora chini ya majabali ya Étretat, Ufaransa, mnamo Novemba 1885, akiamini maji yanakupwa, kumbe yanajaa. Wimbi likampiga na kumburuta, likachukua na vifaa vyake. Kabla ya kufungua rangi, angalia njia yako ya kurudi, na muulize mwenyeji maji hufika wapi. Alama ya mwani na takataka kwenye mchanga nayo itakuonyesha yalipofika mara ya mwisho.

Sasa mchoro wenyewe. Upeo wa macho hukaa sawa na jicho lako daima, uwe umesimama au umekaa. Ukisimama ufukoni, jicho likiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo uko umbali wa kilomita 4.7 hivi, ukipanda jabali la mita 30, unaona karibu kilomita 20. Kaa chini, na milingoti ya mashua za mbali itapita juu ya mstari wa upeo. Panda juu, na mashua hizo hizo zitamezwa na maji. Picha nyingi hupwaya kwa sababu mchoraji alianza amesimama akamalizia amekaa, na jicho la mtazamaji linahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Chora upeo kwanza, unyoshe, kisha usiuguse.

Mahali pa kukaa napo kwa muda mrefu ni pale maji yanapokutana na mchanga. Tazama kwa utulivu. Mchanga mkavu hauakisi chochote. Mchanga uliotoka kufunikwa na wimbi ni mweusi zaidi, na kwa sekunde chache hubeba rangi ya mbingu kama kioo, kisha maji yanazama na mng'ao unakatika kuanzia juu kuteremka. Kati ya hivyo viwili kuna ukanda mwembamba wa mchanga mbichi usiong'aa. Ukiweka kanda hizo tatu kwa rangi tatu tofauti, ufuko unakuwa na unyevu hata bila povu. Ukiziunganisha, kilichobaki ni rangi ya udongo.

Ukiwa na rasimu, waonyeshe wenyeji. Mvuvi mmoja mzee aliwahi kuchukua daftari langu, akatazama kidogo, akasema, "Hapo maji yanakupwa, na upepo hamna." Alijua kwa sababu mashua zote zilizotia nanga mlangoni mwa mto zilikuwa zimeelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, upande wa bara. Mashua iliyofungwa kwa nanga ya omo hugeukia mkondo, na upepo ukitulia mkondo ndio unaotawala. Kwa hiyo chora mashua zilivyolala siku hiyo, zote. Usizigeuze kwa ajili ya mpangilio mzuri. Mgeni hatajua tofauti, ila mtu wa pale atajua, naye ndiye anayesema mbele ya mkahawa uliojaa watu kama picha yako ni ya kweli.

Omba ruhusa unapochora mtu anayetambulika, na ueleze wazi kwamba picha itauzwa. Jina la mashua pia ni la mtu. Muulize mwenyewe kabla ya kuliandika. Wengi hufurahi, na baadhi huwa wateja wa kwanza.

Tukija kwenye uchapaji, kwanza ipatie picha nakala nzuri ya kidijitali. Kwa karatasi ya ukubwa wa A3 unahitaji takriban pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 3508 kwa 4961, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Skana inafaa kwa kazi bapa. Ukipiga kwa kamera, weka taa mbili za aina moja, kila upande moja, kwa pembe ya nyuzi 45, na lenzi itazame katikati ya picha bila kuinama. Rangi za maji zilizo nyepesi sana, hasa mawingu, hupotea kwa urahisi kwenye skana; zirudishe kwa mkono ukiwa umeweka picha halisi pembeni ya skrini.

Bahari ina tatizo lake la pekee: ile samawati ya kijani inayowaka kwenye skrini mara nyingi iko nje ya uwezo wa wino, hivyo karatasini hutoka imefifia. Chapa kipande kidogo cha majaribio chenye maji na mbingu, ukitazame mchana karibu na dirisha, kisha urekebishe. Usiamue usiku chini ya balbu. Chagua karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na wino wa pigmenti (wenye chembe ndogo za rangi), maana wino wa kawaida wa bei nafuu hupauka mapema ukutani.

Kuhusu idadi, Hokusai, mchoraji wa Japani, alitoa picha yake ya lile wimbi kubwa la Kanagawa mnamo 1831 hivi, likachapwa maelfu ya nakala hadi mbao za kuchapia zikaanza kuchakaa. Hapakuwa na namba yoyote, na ni mojawapo ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Kwa hiyo toleo lenye kikomo, yaani la idadi maalumu ya nakala, si lazima. Ila ukiandika 7/50, yaani nakala ya saba kati ya hamsini, hiyo ni ahadi: hamsini zikiisha, zimeisha kwa ukubwa huo. Namba iwe kushoto chini, sahihi kulia, zote kwa penseli, kwenye ukingo mweupe ulioacha kwa kazi hiyo.

Bei ipange kuanzia gharama: karatasi, wino, ufungashaji, nauli za kwenda kijijini, nakala zitakazoharibika, na saa zako. Kisha jumlisha fungu la duka, ambalo linaweza kufika nusu ya bei. Bei iwe moja dukani na mkononi mwako, la sivyo mwenye duka atagundua na hatakupa tena ukuta. Ukubwa wa aina tatu unatosha, pamoja na kadi ndogo kwa mpita njia. Nakala za kijiji zianze kuuzwa kijijini: mkahawani, nyumba ya wageni, kwenye kituo cha boti.

Nakala ndogo isafirishe bapa katikati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kubwa iviringishe ndani ya mrija mpana, maana mwembamba huiachia karatasi mkunjo usionyooka. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo akiba ilale bapa ndani ya boksi lililofungwa, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Na uwe na daftari la mauzo: jina la picha, namba, aliyenunua, tarehe. Nakala namba 12 ikiharibika njiani na kurudishwa, ichane, uandike kwamba imechanwa, ndipo umchapie mteja nyingine yenye namba hiyo hiyo.