Kujenga Tuta la Mboga kwa Mbao za Jahazi Kuukuu Mjini Lamu

Anayetaka kupanda mboga uani kwake Lamu hukabiliwa na mchanga usioshika maji, na pia na chumvi inayomjia kwa njia tatu: kutoka chini ya ardhi, kutoka hewani wakati wa upepo wa kusi, na kutoka ndani ya vifaa vyenyewe anavyookota ufuoni. Tuta lililoinuliwa huondoa tabu ya mchanga bila shida, lakini likijengwa ovyo huongeza chumvi. Tuta langu la kwanza nililijenga kwa mbao nilizozitoa pwani asubuhi na kuzipigilia misumari jioni ile ile, na kabla ya wiki mbili kwisha sukuma wiki zote zilizokuwa karibu na mbao zilikuwa zimeungua kingo za majani, huku zile za katikati zikiwa salama.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mbao, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote. Mimi huzifuata kijijini Matondoni, kwa mafundi wa vyombo, kwa kuwa ubao uliong'olewa kwa sababu umeoza ncha moja haufai tena baharini, ilhali sehemu iliyobaki ni mti mgumu utakaodumu miaka mingi bustanini. Muulize fundi ubao ulitoka sehemu gani ya chombo. Ubao wa juu, usiozama majini, kwa desturi hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya samaki. Harufu yake inaudhi, lakini haidhuru mmea. Ubao wa chini ni jambo jingine. Zamani ulipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, lakini siku hizi vyombo vingi hupakwa rangi ya dukani yenye shaba, iliyotengenezwa makusudi kuua viumbe wanaojishika kwenye chombo, na rangi hiyo haifai kukaa karibu na chakula. Ubao wowote wenye rangi kuukuu inayobanduka uache pia, kwani rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na kuichoma au kuipiga msasa ni kujivutishia sumu.

Ukikosa mbao za jahazi, tumia mbao za makreti ya kubebea mizigo, lakini tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, nazo zinafaa. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi yenye sumu, na hizo ziache.

Hatua ya pili ni kuzitoa chumvi. Ng'oa misumari yote kwa mtaimbo, kisha zilaze mbao juu ya mawe mahali pa wazi wakati wa masika, uzigeuze kila baada ya siku chache, na mvua itafanya kazi hiyo bure. Nje ya masika utalazimika kuziosha kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara nyingi, ukiziacha zikauke kila baada ya kuziosha.

Hatua ya tatu ni mahali na vipimo. Chagua sehemu inayopata jua saa sita kwa siku na iliyokingwa na upepo wa kusi, lakini usilibane tuta kwenye ukuta wa nyumba ya mawe ya matumbawe, kwa sababu unyevu utapanda ukutani na kubomoa lipu. Acha nafasi ya dhiraa moja. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Urefu wa mita 2 na kimo cha sentimita 30 vinatosha mboga nyingi.

Kuunganisha ni kazi ya saa chache. Kwenye pembe simamisha vipande vya boriti kuukuu za mkoko, zile zinazotupwa dari inapobomolewa, ukizifukia shubiri mbili ardhini. Toboa mbao kwa keekee kabla ya kupigilia, kwani mti mkavu wa jahazi hupasuka upesi.

Kabla ya kujaza, mwaga chini kokoto za matumbawe zilizooshwa, unene wa sentimita 8 hivi. Maji ya chumvi hupanda kupitia vijitundu vidogo vya mchanga kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika kwenye kokoto zenye nafasi kubwa hukosa njia. Matumbawe ni chokaa, kwa hiyo usiyachanganye na udongo wenyewe, la sivyo majani yatageuka manjano kwa kukosa madini ya chuma.

Nafasi iliyobaki, sentimita 22, itameza ndoo 22 za lita 20. Mimi hutumia ndoo 9 za udongo kutoka mashambani mbali na bahari, 6 za mboji, 5 za samadi ya punda na 2 za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuroweshwa maji baridi. Samadi ya punda ni ya bure kila kichochoro, ila punda hacheui, hivyo mbegu za majani hupita tumboni mwake zikiwa hai. Irundike miezi mitatu, uilowanishe na kuigeuza mpaka ipoe na kupoteza harufu.

Kabla ya kupanda, chukua udongo huo katika mkebe na uoteshe maharagwe machache. Maharagwe hayavumilii chumvi hata kidogo, kwa hiyo yakichipua na majani yake yakabaki laini mpaka kingoni, tuta liko tayari. Yakiungua, mwagilia tuta maji mengi yasiyo ya chumvi, ukiyaacha yapite mpaka chini, kisha rudia jaribio.

Anza na mchicha, bamia na biringani, ambazo ni vumilivu kuliko maharagwe. Funika udongo kwa makuti makuukuu yaliyokatwakatwa. Mwagilia asubuhi kwa wingi badala ya kunyunyiza kidogo kidogo, kwani maji machache hukauka juu na kuacha chumvi. Ukiona utando mweupe, ndiyo hiyo. Baada ya msimu mmoja udongo utakuwa umeshuka, nawe utaongeza ndoo chache za mboji kabla ya vuli.