Kurekodi na washkaji geto: watu wanne, maiki moja

Geto letu liko Tabata, chumba cha futi kumi kwa kumi, bati juu, dirisha linatazamana na kibaraza cha mama muuza maandazi. Humo humo tunarekodi. Kila wiki kuna mtu ananiuliza bro ninunue maiki gani, namwambia nitumie kwanza ulichorekodi nisikie, na mara nyingi nasikia feni, mwangwi wa ukuta na mshkaji anacheka kwa nyuma, sasa hapo hata umletee maiki ya milioni tano atasikika vile vile.

Vifaa vyangu ni laptopu, saundi kadi ya Focusrite Scarlett 2i2 (kaboksi kanakoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta), maiki moja ya Shure SM58, hedifoni nne za kuziba masikio na kale kaboksi ka Behringer HA400 kanakogawa sauti kwa hedifoni nne. Programu ya kurekodia natumia Reaper, unaijaribu siku 60 bure alafu leseni ndogo ni dola 60, ila kama umezoea FL Studio baki huko huko usihangaike.

Hatua ya 1: chumba kwanza, na ufanye kabla wageni hawajafika

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia kama kengele inalia baada ya kofi, huo mlio ndo utakaokaa kwenye voko yako (sauti ya kuimba) na hautoki. Mimi nasimamisha godoro nyuma ya muimbaji, sio nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya, kwa sababu maiki inasikiliza mbele yake, na mbele yake kuna muimbaji pamoja na ukuta ulioko mgongoni kwake. Pembeni natundika blanketi au vitenge vinene vilivyokunjwa mara mbili, chini mkeka au zulia. Feni zima, utatoka jasho, vumilia. Friji kama liko humo humo lizime pia na funguo zako uziache juu yake, usipofanya hivyo utaondoka umelisahau na samaki wa watu wataoza (ilitokea, sitaki kuongelea).

Muda wetu ni kuanzia saa nne usiku, bodaboda zimepungua na maandazi yameisha. Mvua ikianza kwenye bati funga kazi, pigeni stori.

Hatua ya 2: mpangilio wa saundi kadi

Fungua projekti mpya, ubora wa sauti weka 48 kHz na biti 24, alafu seviu kabla hujarekodi chochote. Bafa, yaani kile kiasi cha sauti kompyuta inachokusanya kabla ya kuichakata, weka 128 wakati wa kurekodi. Ikiwa 1024 sauti inachelewa zaidi ya milisekunde 20 kuingia tu, bado kutoka, na muimbaji atakwambia "mbona kama kuna mtu ananiigiza masikioni". Laptopu ikianza kukwaruza panda 256, au zima zile plagini nzito (viprogramu vya kupamba sauti), muda wa miksi bado. Au washa dairekti monita kwenye saundi kadi, hapo mtu anajisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta.

Gaini (kiwango cha sauti inayoingia): mwambie muimbaji aimbe ile sehemu ya juu kabisa, sio aseme "cheki cheki moja mbili", kwa sababu watu wanacheki kwa sauti ya kanisani alafu korasi ikifika wanapiga kelele za uwanjani. Kilele kikigonga kati ya desibeli -12 na -8 inatosha, usikimbilie juu, biti 24 ina nafasi kibao. Kama unatumia kondensa (aina ya maiki inayohitaji umeme) bonyeza kitufe cha 48V kwenye saundi kadi, SM58 haiihitaji.

Hatua ya 3: sauti ya kuongozea

Hapa ndo wengi wanaruka. Kabla ya voko za ukweli rekodini wimbo mzima ovyo ovyo, gitaa linaingia moja kwa moja kwa waya kwenye tundu la pili la saundi kadi, mmoja anaimba kwenye SM58, kliki (ile tiki tiki ya kuhesabia mapigo) inalia masikioni. Iwe mbaya tu, itafutwa. Kazi yake ni kwamba kila atakayeingia baadaye anajua yuko wapi, na mnagundua mapema kwamba ubeti wa pili ni mrefu au kii iko juu kwa muimbaji, badala ya kugundua saa nane usiku.

Hatua ya 4: mmoja mmoja, wengine kimya

Muimbaji asimame shubiri moja kutoka kwenye maiki, kondensa mpe shubiri moja na nusu. Kinga ya mate natengeneza kwa soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye hanga, inafanya kazi vizuri tu.

Hedifoni ndo zilizotuumiza. Siku moja tulirekodi voko tamu sana, kesho yake nasikiliza peke yake nasikia tiki tiki tiki, kliki ilivuja kutoka kwenye hedifoni ya jamaa aliyekaa karibu na maiki, ameivaa sikio moja, lile lingine liko wazi linaimba. Tangu siku hiyo wanaosikiliza wakae nyuma ya maiki, hedifoni masikio yote mawili, na kliki naizima kwenye sehemu za taratibu.

Bonyeza rekodi hata wakati wa mazoezi. Usiseme. Mtu akiambiwa "haya sasa tunarekodi" anakakamaa kama anapigwa picha ya kitambulisho, ile aliyoimba akidhani anajaribu ndo inakuwa ya moto. Chukua mara nne hivi kwa kila ubeti, zikizidi sita sauti imechoka, mpe maji ya uvuguvugu aingie mwingine. Na anayetoa maelekezo awe mmoja, watu watatu wakimsahihisha kwa pamoja anapotea.

Hatua ya 5: korasi ya wote

Simameni nusu duara mbele ya maiki moja, mwenye sauti nene ya kupasua arudi nyuma hatua mbili, mwenye sauti ndogo asogee. Rekodini mara tatu na kila mara mbadilishane nafasi, ukizipanga moja kushoto moja kulia moja kati wanne mnasikika kama kwaya.

Hatua ya 6: kabla watu hawajaondoka

Sikilizeni kila kitu pale pale, kurudia leo ni dakika tano, kumpata mshkaji wiki ijayo ni mwezi. Kopi projekti nzima kwenye flashi. Treki moja ya mono ya dakika nne inakula kama MB 35, kwa hiyo treki ishirini ni karibu MB 700, flashi yoyote inabeba. Mimi LUKU ilishaisha katikati ya sesheni na kompyuta ya mezani ikazima na kila kitu, kosa langu mwenyewe.

Andikeni pia kwenye karatasi nani katunga nini na mgawo wa kila mtu, wote msaini, mkienda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ugomvi uwe umeshaisha geto.

Na ile ya kusikiliza nyumbani mkirushiana WhatsApp itume kama dokumenti.