Kuandaa dodoso la sonona kwa wanafunzi wa sekondari

Dodoso la maswali tisa hujazwa kwa dakika tano hadi kumi. Kulifanya lifae kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ni kazi ya miezi, na hapo ndipo tafiti nyingi za afya ya akili ya vijana huharibika, kabla hata karatasi ya kwanza haijagawiwa. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwalimu wa ushauri nasaha au shirika dogo linalotaka kupima dalili za sonona (kwa Kiingereza depression) shuleni kwa Kiswahili.

Anza kwa kuchagua chombo. PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na mipaka inayotenganisha viwango vya dalili, kutoka hafifu hadi kali, ni 5, 10, 15 na 20. Huhitaji ruhusa kuitafsiri wala kuinakili. Kumbuka tu kwamba ilitengenezwa kwa watu wazima waliofika kliniki Marekani, hivyo mipaka hiyo haijathibitishwa kwa mtoto wako wa miaka kumi na nne mpaka uipime. SDQ ya Robert Goodman, ya mwaka 1997, ni pana zaidi, kwa kuwa hupima matatizo ya hisia na tabia kwa jumla: sentensi 25, na vijana wa miaka 11 hadi 17 huijaza wenyewe. Jumla ya matatizo, 0 hadi 40, hutokana na sentensi 20, kwa kuwa tano zinazohusu kuwajali wengine hazihesabiwi humo. Kati ya hizo 20, tano zimeandikwa kwa upande wa mazuri (kwa mfano kuwa na rafiki wa karibu), na alama zake lazima zigeuzwe. Anayesahau kugeuza hupata matokeo yasiyo na maana, na kompyuta haitamwambia. SDQ haitafsiriwi bila idhini ya wenye haki, kwa hiyo tumia toleo lao. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi PHQ-9.

Lugha

Watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake: mmoja anayejua afya ya akili, mwingine mwalimu wa Kiswahili aliyezoea kusoma maandishi ya wanafunzi. Kisha wakae pamoja wakubaliane neno kwa neno. Mtu wa tatu ambaye hajaona asilia airudishe tafsiri kwenye Kiingereza, na matoleo mawili ya Kiingereza yalinganishwe. Wengi huishia hapo. Hatua hiyo hukuonyesha maana iliyodondoka njiani, lakini haikuonyeshi mtoto anasikia nini.

Chukua chaguo la tatu la majibu ya PHQ-9, ambalo wengi huliandika "zaidi ya nusu ya siku". Aliyesomea jambo hili ataelewa ni zaidi ya nusu ya siku kumi na nne. Mwanafunzi anasikia kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri. Aliyekosa raha jana kutwa nzima ataweka tiki hapo, na atakuwa amejibu kwa usahihi swali alilolisoma. Andika namba: siku 0–1, siku 2–6, siku 7–11, siku 12–14. Mgawanyo huo umeshatumika katika PHQ-8 (PHQ-9 bila swali la mwisho), na utaueleza kwenye ripoti yako.

Mtego wa pili ni swali lenye kukanusha. Ukiuliza "Hukulala vizuri?", jibu "ndiyo" katika Kiswahili maana yake ni "ndiyo, sikulala". Mwingine aliyezoea maswali ya Kiingereza darasani atasema "ndiyo" akimaanisha alilala. Usiache kikanushi hata kimoja kwenye kichwa cha swali. Andika "Umepata shida kulala". Na ukiongeza swali la usingizi, usiandike "Unalala saa ngapi?", kwa sababu utajibiwa "saa nne". Uliza anapanda kitandani saa ngapi usiku na anaamka saa ngapi alfajiri, halafu hesabu mwenyewe.

Neno "mawazo" lina uzito wake. Mtu akisema "nina mawazo" tayari amesema ana wasiwasi, madeni au msiba, kwa hiyo swali la "Je, una mawazo?" litawakamata karibu wote. "Kujisikia vibaya" kwa wengi ni homa. "Kujisikia chini" haina maana yoyote kwa mtoto. "Sonona" ni neno zuri la kitaalamu lakini si la kuweka kwenye swali, maana wengi hawalijui. Linalobaki ni lugha ya nyumbani: kukosa raha, moyo kuwa mzito, kukata tamaa. Pima ni lipi linatumika eneo lako. Lililozoeleka Tanga si lazima lieleweke Kitale.

Maswali mengine hukwama kwa sababu ya maisha yenyewe. "Umejiona umeshindwa" litamshika kila aliyefeli jaribio la hisabati juzi, kwa hiyo ongeza "maishani" au "kama mtu". Swali la hamu ya kula halina maana pale chakula kisipokuwepo, hivyo uliza kama hamu ilipotea hata chakula kilipokuwepo. Uchovu wa anayeamshwa bwenini saa kumi na nusu alfajiri unaweza kuwa uchovu tu. Na kwa vile maswali yanatazama nyuma siku 14, usikusanye taarifa Ramadhani wala wiki mbili za kwanza baada ya Idi, la sivyo hamu ya kula na usingizi vitajibiwa na mfungo. Epuka vilevile majuma ya mitihani, isipokuwa mitihani ndiyo unayoichunguza.

Kuwasikiliza wanafunzi wakifikiri

Hatua hii usiiruke hata kama bajeti imebana. Tafuta wanafunzi 10 hadi 15: wavulana na wasichana, wa kutwa na wa bweni, wanaosoma vizuri na wanaosoma kwa shida. Kaa na mmoja mmoja. Baada ya kila swali muulize: "Swali hili linauliza nini? Niambie kwa maneno yako." Kisha: "Ulikuwa unazikumbuka siku zipi?" na "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Usiulize "Umeelewa?" Kwa adabu tu, mtoto atamwambia mkubwa kwamba ameelewa. Watatu kati ya kumi wakikwama mahali pamoja, badilisha maneno na urudi kwa wanafunzi wengine wapya. Raundi mbili kwa kawaida zinatosha. Swali la nane, linalochanganya kuwa mzito wa mwendo na kuhangaika bila kutulia, huhitaji raundi ya tatu kwa sababu limebeba mambo mawili yanayopingana.

Baada ya hapo fanya majaribio kwa wanafunzi 30 hadi 50 katika shule ambayo haimo kwenye utafiti. Angalia muda na swali linaloachwa wazi mara nyingi. Alfa ya Cronbach unayoitaka ni 0.7 au zaidi, lakini isikudanganye: inaonyesha maswali yanakwenda pamoja, haionyeshi kwamba yanapima sonona. Kujua hilo kunahitaji mtaalamu awahoji sehemu ya wanafunzi bila kujua alama zao, kisha mlinganishe.

Idadi ya wanafunzi

Fomula maarufu inatoa 384 kwa kiwango kisichojulikana na kosa la asilimia 5. Namba hiyo ni ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja. Wanafunzi wa shule moja hufanana, wana mwalimu mmoja, chakula kimoja na viboko vilevile. Ukichukua 30 kila shule na kipimo cha ufanano huo (ICC) kikiwa 0.05, zidisha kwa 1 + (29 × 0.05), yaani 2.45. Unapata 941. Tenga asilimia 10 ya watakaokosekana na utahitaji 1,046, sawa na shule 35. Kama huna uwezo huo, punguza wanafunzi kwa kila shule na uongeze shule. Kuchukua 400 kutoka shule mbili hakukupi picha ya wilaya.

Vibali na ridhaa

Tanzania bara, kibali cha maadili hupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au kamati ya chuo, na cha utafiti COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Barua za mkoa, halmashauri na shule huja baadaye. Mkuu wa shule anakuruhusu kuingia shuleni, lakini hatoi ridhaa kwa niaba ya mzazi isipokuwa kamati imekubali hivyo kwa maandishi. Mtoto naye lazima akubali mwenyewe, na akikataa baada ya mzazi kukubali, jibu lake ndilo linalosimama.

Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 linauliza kuhusu kutamani kufa au kujidhuru. Baadhi ya watafiti huliondoa na kubaki na PHQ-8. Ni afadhali kuliondoa kuliko kuuliza bila mpango. Kuuliza hakumpi mtoto wazo la kujiua, tafiti zimelipima hilo. Kinachodhuru ni mtoto kuandika "karibu kila siku" na karatasi yake kukaa kwenye boksi wiki tatu ikisubiri kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa karatasi, awepo shuleni mtu aliyefunzwa kuongea na vijana walio hatarini, na liwepo jina la hospitali au kituo kilichokubali kwa maandishi kuwapokea. Wakati wa kuomba ridhaa sema wazi: majibu ni siri, isipokuwa yakionyesha kwamba maisha ya mtu yako hatarini. Walimu watoke nje. Kama madawati ni ya watu watatu, tumia bwalo au fanya zamu mbili. Weka maswali mepesi mwishoni, ili swali la tisa lisiwe la kumwachia mtoto aondoke nalo. Wote wabaki na karatasi mpaka muda uishe, na asiyetaka kushiriki apewe zoezi la kuchora kwenye karatasi inayofanana.

Kisha, kabla timu haijatoka getini:

1. Watu wawili wapitie swali la tisa kwenye kila karatasi. Jibu lolote lisilo 0 linawekwa pembeni.
2. Waite wanafunzi hao mmoja mmoja, pamoja na wengine wachache wasio na alama hiyo, ili darasa lisijue nani ameitwa kwa nini.
3. Uliza bila kuzunguka: wazo hilo lilikuja lini mara ya mwisho, umefikiria namna, kitu hicho unacho karibu, umewahi kujaribu, nani nyumbani unaweza kumwambia.
4. Mwenye mpango au aliyewahi kujaribu karibuni haachwi peke yake hata kwenda msalani. Mzazi anaitwa siku hiyo, na anaambiwa afungie dawa za kuulia wadudu, sumu ya panya na vidonge.
5. Kama hatari inatoka kwa mzazi mwenyewe, usimpigie. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Tanzania dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya.

Usiandike chochote kuhusu jaribio la kujiua kwenye faili la shule. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu kuwa kosa, na ingawa Mahakama Kuu ya Kenya ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kinachofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinapingana na Katiba, woga wa polisi haujaisha. Ni sababu mojawapo ya vijana kuficha, na ripoti yako iliseme.

Kusoma alama

Mwenye alama 10 au zaidi ana dalili. Hujui kama ana ugonjwa. Tuseme kati ya wanafunzi 1,000, 100 wana sonona kweli, na dodoso linawatambua sawasawa 80 katika kila 100, wagonjwa kwa wazima. Litakamata wagonjwa 80, na pia litawanyooshea kidole 180 kati ya wazima 900. Kwa hiyo katika 260 waliovuka mpaka, chini ya theluthi ni wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa Kenya kwa vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, unaonyesha pengo hilo vizuri: asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili, lakini waliotimiza vigezo vya ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Ukiandika kwamba "nusu ya wanafunzi ni wagonjwa", umewapa waandishi wa habari kichwa cha uongo na umewanyima wale wagonjwa nafasi waliyostahili kliniki. Andika "wana dalili", taja mpaka ulioutumia, na toa matokeo ya dodoso lote pamoja na ya kila swali.

Shule ipewe matokeo ya jumla tu, kamwe si majina, na kama darasa lina wanafunzi wachache usiligawe kwa jinsia, maana wanafahamiana. Orodha inayounganisha majina na namba ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na madodoso, na iteketezwe tarehe ile uliyowaandikia wazazi.