Kupima kidonda cha sehemu za siri maabarani

Fomu ya mgonjwa mwenye kidonda sehemu za siri mara nyingi hufika maabara imeandikwa neno moja tu, "RPR", yaani kipimo cha damu cha kaswende. Kabla ya kumtoa damu, muulize kidonda kilianza lini na kama ameshatumia dawa, kwa sababu bila majibu hayo mawili matokeo yatakayopatikana hayasomeki vizuri.

Anza na kidonda chenyewe. Vaa glavu, kisafishe kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, bila spiriti, kisha ukiminye taratibu mpaka majimaji maangavu yajitokeze. Penye hadubini ya uwanja mweusi (inayoonyesha bakteria waking'aa kwenye giza), gusisha kioo kwenye majimaji hayo, kifunike na ukitazame ndani ya dakika 20, kwani bakteria wa kaswende hutambulika kwa kujizungusha kama skurubu na akifa hatofautishwi kirahisi. Kidonda cha mdomoni kisipimwe hivi, maana mdomo una bakteria wengine wanaofanana naye. Penye PCR (kipimo cha vinasaba vya vijidudu), sugua kitako cha kidonda kwa swabu, nayo inaweza kubaini pia hepesi na pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa unaoleta vidonda. Kutafuta pangusa kwa rangi ya Gram pekee sikushauri. Njia hiyo hukosa wagonjwa wengi.

Kwa RPR, acha antijeni (kimiminika cha kipimo chenye chembe nyeusi) itoke kwenye ubaridi wa friji hadi joto la chumba, tandaza mikrolita 50 za seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa) zijaze duara lote la kadi, dondosha antijeni, zungusha mara 100 kwa dakika kwa muda wa dakika 8, kisha soma papo hapo penye mwanga wa kutosha. Chembe nyeusi zikigandamana, zimua seramu 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, uandike kiwango cha mwisho kilichogandamana. Zimua pia unapoona ukwaruukwaru usioeleweka, kwa kuwa kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa) zikizidi mno huweza kuficha mgando. Matokeo chanya yathibitishwe kwa TPHA (kipimo cha kingamwili za bakteria wa kaswende mwenyewe) au kipimo cha haraka cha kaswende, ukikumbuka kuwa vipimo hivi kwa kawaida hubaki chanya hata baada ya mtu kutibiwa.

Tatizo kubwa ni RPR hasi kwa kidonda kichanga. Kingamwili zinaweza kuchelewa wiki 1 hadi 4 tangu kidonda kitokee, hivyo usiandike "hasi" ukaishia hapo. Andika: "Hasi, kidonda cha siku 5, matibabu yasisubiri kipimo, damu irudiwe baada ya wiki 2."