Mkamuaji akiondoka nyumbani: tulivyopanga upya kazi za zizi

Mwanangu wa kwanza aliondoka kwenda masomoni Jumapili asubuhi. Kufikia Jumatatu jioni nilikuwa nimegundua kwamba zizi langu mwenyewe silijui. Kwa miaka 4 yeye ndiye aliyemkamua Tulia, ng'ombe wetu pekee wa maziwa, na mimi nilichojua ni kwamba maziwa yanafika jikoni. Sikujua kwamba kabla ya kukaa humpapasa ubavuni mara mbili, kwamba huanza na chuchu za nyuma, wala kwamba hupiga mluzi muda wote. Tulia akanisubiri nipige mluzi. Sikupiga, naye akayabana maziwa.

Miezi 2 baadaye mama mkwe wangu akahamia kwetu, nyonga imemchosha. Basi nyumba ikawa na mimi, mume wangu anayerudi kazini jioni, kijana wa miaka 14, binti wa miaka 9 na mama. Zizini kulikuwa na Tulia na ndama wake, mbuzi 7, kuku 23, na sungura ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu tena. Nayaandika haya kwa yeyote ambaye nyumba yake iko karibu kubadilika: mtoto anaondoka, mtoto anazaliwa, mzee anahamia, au mmoja wenu ameumia mgongo. Mengi nimeyajua kwa kukosea.

Anza na dakika, wanyama baadaye

Watu hugawana wanyama: wewe kuku, wewe mbuzi. Mgawo huo unaonekana wa haki mpaka siku ya tatu, ambapo mmoja amemaliza kazi na mwingine bado anahangaika gizani. Bandika karatasi kwenye mlango wa banda kwa wiki moja. Kila anayefanya kazi aandike aliyoifanya na dakika alizotumia, hata kama ni kufungua mlango tu. Fanyeni hivyo huyo anayeondoka akiwa bado yupo. Sisi tulifanya akiwa ameshaondoka, ikabidi nimpigie simu kila jioni kumuuliza mambo ya kijinga.

Karatasi yetu ilitoa siri moja kubwa: maji. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku kulingana na joto, chakula na wingi wa maziwa yake. Hizo ni ndoo 3 hadi 5 za lita 20, kwa ng'ombe mmoja, kabla hujafika kwa mbuzi. Mwanangu aliyeondoka alikuwa anazibeba asubuhi na jioni huku akizungumza na mbwa, na hakuna aliyewahi kuiita hiyo kazi. Nikiulizwa ni nini kilitupa nafuu kuliko vyote, sitataja ratiba. Nitataja bomba la mpira tulilolivuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye birika la kunyweshea. Kabla ya kumpa mtu mwingine kazi, angalia kama kazi yenyewe inaweza kufutwa.

Kumkabidhi ng'ombe kwa mkono mpya

Hapa sitaharakisha, kwa sababu ndipo tulipoumia zaidi.

Ng'ombe hatoi maziwa kwa sababu umevuta chuchu. Anapoguswa kiwele na kuoshwa, mwili wake hutoa homoni inayoyasukuma maziwa yashuke, na nguvu ya homoni hiyo hudumu dakika chache tu. Akishtuka au akiwa na hofu, homoni ya woga huja na kuyazuia maziwa yasishuke. Mgeni anayekuja na mikono baridi, ndoo inayogongagonga na harufu asiyoijua anamtisha bila kukusudia. Ukishamwosha kiwele kisha ukakumbuka umesahau kamba, ukarudi nyumbani kuifuata, umeshaipoteza nafasi yako. Weka kila kitu karibu kwanza: ndoo, kitambaa, kikombe cheusi, kigoda. Halafu ndipo umguse.

Kama mna wiki 2 za kupishana, zitumieni hivi. Siku 3 za mwanzo mkamuaji mpya asimame tu karibu, amlishe, aongee ili sauti yake izoeleke. Siku zinazofuata yeye aoshe na kukausha kiwele, mkamuaji wa zamani akamue. Kisha wagawane chuchu 2 kwa 2, wakikaa upande uleule ambao ng'ombe amezoea. Wiki ya pili mpya akamue zote na wa zamani asimame nyuma kidogo, kisha asimame nje. Akivaa koti la kazi la mwenzake, bora zaidi. Mimi nilikuja kulivaa koti la mwanangu siku ya sita, nikajiona kama mwizi, lakini Tulia alinusa mkono wa koti akatulia.

Kabla ya kuelekeza maziwa kwenye ndoo, kamua michirizi 2 au 3 ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, majimaji au damu, huenda kiwele kina ugonjwa. Mimi sikufanya hivyo. Siku 4 za mwanzo nilikuwa naacha maziwa ndani kwa sababu alikuwa anayabana na mimi nachoka vidole. Siku ya tano robo moja ya kiwele ilikuwa ngumu, ya moto, na hakutaka niiguse. Daktari wa mifugo alikuja, akatoa dawa, na maziwa tukayamwaga kwa siku zote zilizoandikwa kwenye maelezo ya dawa ile. Hilo halina mjadala: siku za kusubiri zikiandikwa, zihesabu kalendani, na ng'ombe mfunge utambaa mguuni ili anayekamua jioni asijisahau.

Chagua saa ambazo utaziweza hata ukiwa umechoka. Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni inapendeza, lakini si lazima muda ugawanyike katikati. Ukikamua saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, naye atazoea. Ambacho hatazoea ni leo saa 11, kesho saa 2.

Daftari liwe la mama

Mwanangu alikuwa na tarehe zote kichwani. Alipoondoka, aliondoka nazo. Usiku mmoja wa mvua mbuzi alizaa mapacha nje ya banda na hatukujua hata kama alikuwa amefikia siku zake. Asubuhi tulimkuta mmoja hai. Tangu siku hiyo tuna daftari, na mwenye daftari ni mama mkwe wangu.

Andika tarehe ya kupandwa, kisha uhesabu mbele: mbuzi huzaa baada ya siku 150 hivi, ng'ombe karibu siku 280, sungura siku 31. Mayai chini ya kuku huanguliwa siku ya 21. Kwa ng'ombe, weka alama nyingine siku 60 kabla ya kuzaa. Hiyo ndiyo siku ya kuacha kumkamua ili kiwele kipumzike. Karibu na siku ya kuzaa, mnyama awe ndani kwenye matandiko makavu, na ijulikane nani ataamka usiku.

Ndama au mwanambuzi apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa chache tangu azaliwe. Kinga yote anayoanza nayo maisha inatoka humo, na utumbo wake hupoteza uwezo wa kuipokea kadiri saa zinavyopita. Siku nzima ikiisha, mlango umefungwa. Kwa ndama, kadiria moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 35 apate lita 3 na nusu hivi, na sehemu kubwa aipate mapema. Kama mna mjamzito nyumbani, asisaidie mbuzi kuzaa wala kushika kondo au mimba iliyotoka. Yapo magonjwa ya mbuzi yanayoweza kumwathiri mtoto aliye tumboni. Hiyo kazi apewe mwingine, hata kama mjamzito ndiye mwenye ujuzi.

Mama nilimpa daftari kwa sababu nilimwona amekaa tu, anashukuru kwa kila kitu kama mgeni. Mzee aliyefuga maisha yake yote ukimweka kiti cha mgeni utamzeesha haraka. Tatizo lake lilikuwa tope, kuinama na kunyanyua. Macho na akili havikuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo tuliinua kazi imfikie. Mume wangu alijenga viota vya kuku usawa wa kiuno, vikiwa na kifuniko kinachofunguka kwa nje, mama asilazimike kuingia bandani. Akamwaga kokoto njia nzima mpaka pale na kufunga mti wa kushikia. Mayai yote sasa ni yake: anaokota, anahesabu, anaandika. Akiona yamepungua siku 3 mfululizo ananiita, na kwa kawaida sababu anayo tayari: maji yamekauka mchana, kuna nyoka, au kuku mmoja ameanza kuatamia.

Benchi lake linatazama zizi. Wiki ya tatu aliniambia, "Mwanangu, yule mweusi amejitenga tangu asubuhi. Mbuzi haachi wenzake bure." Nilikuwa nimepita pale mara 4 na sikuona kitu. Mbuzi alikuwa na tumbo limeanza kujaa gesi. Tulimwahi.

Kupunguza, na namna ya kumwambia mtoto

Hata baada ya bomba na daftari, mikono haikutosha. Punguza kwa kuangalia nani anakula saa zenu, si nani anakula majani mengi. Beberu aliondoka wa kwanza: aliyekuwa akimmudu ni kijana mkubwa peke yake, na sikutaka binti wa miaka 9 afungue mlango ule. Sungura walifuata. Mbuzi tulibakiza 4. Usibakize mmoja, mbuzi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake atalia mchana kutwa na kuruka kila uzio kutafuta wenzake.

Katika wale waliouzwa alikuwemo Kidoti, mwenye doa jeupe puani, ambaye binti yangu alimlisha kwa chupa. Tulimuuza mtoto akiwa shuleni. Tulijiambia tunamwepusha na machungu. Aliporudi nikamwambia Kidoti amekwenda kutembea kwa watu. Alinitazama, akaenda kuhesabu kamba ukutani, akakuta moja haipo. Wiki 3 hakukanyaga zizini, na kuku wake nikawalisha mimi.

Sasa tunafanya tofauti. Mtoto anaambiwa mapema, wiki moja kabla, kwa neno lenyewe: tunamuuza, au tunamchinja. Anaambiwa sababu, na sababu iwe ya kweli. Anapewa uamuzi pale ambapo uamuzi upo kweli, mfano, kati ya hawa majike 2 abaki yupi. Usimuulize kama umeshaamua. Siku yenyewe anaweza kumsindikiza mnyama hadi getini au kukaa ndani. Yote mawili ni sawa, na asichekwe. Ndama wa Tulia alipoondoka, binti alimshika kamba mwenyewe mpaka barabarani, akalia, akarudi kula.

Kazi za watoto, kwa kifupi. Wa miaka 9 anawalisha na kuwanywesha kuku, na anapeleka majani kwenye hori akiwa upande wa nje. Hapiti nyuma ya ng'ombe, haingii kwa mama aliyezaa, na ananawa mikono kwa sabuni kabla hajagusa chakula. Wa miaka 14 ana mbuzi, kwato na samadi, pia anakamua Jumamosi na Jumapili. Hizo siku 2 za wikiendi ni za makusudi. Asiwepo mnyama anayejulikana na mtu mmoja tu. Mara moja kwa mwezi tunabadilishana kazi zote kutwa nzima, tukijifanya mimi ni mgonjwa. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Mume wangu alimwekea ndama chakula cha kuku.

Kuku nao wana lao. Ukipunguza au kuongeza, mpangilio wa nani mkubwa unavunjika na watadonoana. Wageni wakae pembeni kwa wiki 3 hadi 4 uone kama ni wagonjwa, kisha uwatenganishe na wenyeji kwa wavu tu siku chache, wazoeane kwa macho. Waingize usiku. Mayai yatapungua kwa muda. Usiwabadilishie chakula kwa hofu.

Aliyeondoka akirudi likizo

Atakuja na hamu ya kukamua. Mwanangu alikuja na mluzi wake, akakaa chini ya Tulia, na Tulia akageuza kichwa kumtafuta mwenye koti. Alipata nusu ya maziwa. Aliudhika zaidi ya alivyotaka tuone.

Ukimrudisha kwenye ratiba kwa wiki 3 za likizo, utalazimika kuanza upya kumzoesha ng'ombe mkono wako. Mpe kazi zenye mwanzo na mwisho: uzio, paa linalovuja, mtaro wa maji machafu. Sisi tulimpa mlango wa zizi. Komeo lake lilikuwa juu, kwa urefu wake yeye, na zito. Aliliteremsha, akaweka la kusukuma kwa mkono mmoja, kisha akamwita bibi yake aje alijaribu. Bibi alilisukuma mara 3, akamwambia bado linakwama kidogo, apake mafuta.